Harusi ya Bata Bukini

Walburga Reisch alikuwa na ulimi mwepesi, na kijijini kwetu Aichbronn, kule juu kwenye nyanda za mawe za Alb, kila mtu alilijua hilo kwa kuonja. Alikuwa mtumishi katika shamba la akina Munding tangu utotoni. Mzee Munding alipenda kusema kwamba ng'ombe wa Walburga hutoa maziwa haraka ili wapate kupumzika kumsikiliza. Alipofikisha miaka ishirini na minne hakuwa na shamba wala nyumba, na kila kijana aliyemtazama mara mbili alikuwa hana kitu kama yeye. Kwetu ardhi iligawanywa kwa ndugu, na watoto wa ndugu, na watoto wao, mpaka ikawa ukiangusha kofia shambani kwako inatua kwa jirani.

Ndipo wakaja watu wa Malkia wa Vienna. Wakapiga ngoma sokoni, wakatangaza kwamba kule chini Hungaria, mto Danubi unakoelekea, kuna ardhi nyeusi isiyo na jiwe hata la kumtupia kunguru, na inatolewa bure. Ila inatolewa kwa mume na mke. Asiyeoa angekwenda kuwa kibarua wa watu, kama alivyokuwa kwao.

Shangazi yake Afra, aliyemlea baada ya wazazi wake kufariki, alisikia hilo neno "mume" kabla ngoma haijanyamaza. Jumapili iliyofuata alikuwa ameshakaa jikoni kwa akina Munding, na alipotoka, Walburga alikuwa ameposwa na Xaver, mtoto wao wa mwisho.

"Xaver?" Walburga aliuliza. "Shangazi, yule haongei!"

"Wewe utaongea kwa wawili."

"Miaka yote nimekaa naye nyumba moja, ameniambia 'funga mlango' na 'fungua mlango'. Basi."

"Na mlango ulifungwa?"

"Ulifungwa."

"Ehee. Kwa hiyo mnaelewana."

Xaver hakuwa mtu mbaya, na Walburga alilijua hilo. Alikuwa mrefu, msafi, mwenye mikono mizuri ya kazi. Akifagia ua, alifagia na kipande cha jirani ili mstari unyooke. Lakini chakula kizuri kuliko vyote, kile cha sikukuu, alikisifu kwa neno moja: "Kinalika." Walburga alijaribu kufikiria miaka arobaini ya "kinalika", akashusha pumzi, akafunga sanduku lake. Ardhi ni ardhi.

Walishuka Ulm kwa miguu mwezi wa Mei, Walburga, Xaver, na Shangazi Afra ambaye alisema hatarudi kijijini mpaka aone pete kidoleni kwa macho yake. Kwenye ukingo wa mto mafundi walikuwa wakigongomea mbao za misonobari, wakiunda mojawapo ya vile vyombo ambavyo watu wa Ulm wenyewe huviita masanduku: chombo kipana, bapa chini, na kibanda katikati, kinachoshuka na mto mpaka Vienna na hakirudi tena; huko huvunjwa na kuuzwa kuni. Sanduku lao lilikuwa halijakamilika. Wasafiri wote wakaambiwa wangoje, na watakaooana wajiandae, kwani Padri Remigius angewafungisha ndoa wote kwa pamoja asubuhi ya kuondoka.

Wakapanga katika nyumba ya wageni karibu na lango la mto. Hapo ndipo walipowakuta Blasius Hummel na Zenz Aubele.

Blasius alikuwa fundi wa mapipa kutoka upande wa Ehingen, mpana kama kazi yake, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko bonde la pili. Zenz alikuwa yatima, mwembamba, mwenye macho ya kijivu, na mali yake ilikuwa sanduku moja na bata bukini mmoja jike, mnene, mwenye hasira, aliyeitwa Bibi Meya. Mtu akimsogelea Zenz, Bibi Meya alinyoosha shingo na kuzomea. Posa yao ilipangwa na padri wa kwao, aliyeona kwamba msichana huyu anahitaji mtu wa kumtetea na mwanamume huyu anahitaji mtu wa kumtuliza. Kila Blasius alipocheka, Zenz alishtuka, akashika kikapu cha bata wake.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya Walburga kuwapikia wasafiri. Alikuwa anakwaruza spetsle, unga na mayai juu ya ubao, kisu kinakimbia, tambi fupi zinadondoka kwenye maji yanayochemka, Blasius alipoingia jikoni kukaza pete za pipa la siki.

"Loh," alisema, akichungulia chungu. "Hizo za kula au za kuzibia boti?"

Walburga hakugeuka. "Za boti nimeshawapa mafundi. Hizi ni za wanaume wanaojua kunyamaza."

"Basi mimi nitalala njaa."

"Utapungua. Boti itashukuru."

Blasius alicheka mpaka pete ya pipa ikamponyoka, ikaviringika chini ya meza, na wote wawili wakainama kuitafuta. Walipoinuka, spetsle zilikuwa zimepitiliza kwenye maji. Walburga akamlaumu yeye. Yeye akaulaumu moto. Walipoketi kula, Blasius alisema kwa sauti ya kusikika na meza zote kwamba spetsle hizi, hata baada ya kuchemka kupita kiasi, bado ni ngumu kama kokoto za Alb, kisha akaomba sahani ya pili, na ya tatu.

Toka siku hiyo hawakukutana bila kutaniana. Walburga akipita na ndoo, Blasius alimuuliza kama maji nayo ameyachemsha kupita kiasi. Blasius akipita na nyundo, Walburga alimuuliza kama pipa limekiri kosa. Wasafiri wengine, ambao hawakuwa na la kufanya ila kungoja na kupiga miayo, walisogeza mabenchi yao karibu ili wasipitwe.

Wakati huohuo, kwenye benchi la nje, Xaver na Zenz walikaa. Hawakupanga, ila huko ndiko kulikokuwa na kimya. Siku ya kwanza Xaver aliona kifuniko cha kikapu cha bata kimelegea bawaba. Bila kuulizwa, akatoa kisu chake na ufito mwembamba, akaikaza. Bibi Meya alimtazama, hakuzomea. Siku ya pili Zenz alimletea kipande cha mkate wenye vitunguu.

"Kinalika," alisema Xaver.

Zenz akaona haya mpaka masikioni, kama mtu aliyesomewa shairi.

Shangazi Afra hakuwa kipofu. "Unacheka sana na yule wa mapipa," alimwambia Walburga wakikunja nguo.

"Nacheka, ndiyo. Kwani ni dhambi?"

"Cheka ukishaolewa."

"Na Xaver?" Walburga alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mzaha ndani yake. "Shangazi, nitacheka nini na Xaver?"

Shangazi alikunja shuka lilelile mara tatu. "Ardhi nyeusi, mwanangu," alisema mwishowe. "Haina hata jiwe moja. Fikiria hilo."

Walburga alijaribu kufikiria hilo. Alipomaliza kulifikiria alienda kando ya mto, akaketi juu ya mbao mpya, akajaribu kujikaripia kama alivyozoea kuwakaripia wengine. Blasius ana mchumba wake. Yeye ana wake. Neno limetolewa, na wazazi wa watu wameshachinja nguruwe wa kuaga. Alirudi akiwa amenyooka mgongo, na siku nzima iliyofuata hakumjibu Blasius hata neno. Blasius naye akazubaa kama mtu aliyeondolewa kiti wakati anakaa.

Asubuhi ya ndoa mto ulikuwa umejaa kwa mvua za usiku, na nahodha alituma ujumbe kwamba akipata maji mazuri hamsubiri mtu, hata askofu. Kwa hiyo Padri Remigius alikuwa na haraka. Alikuwa mzee mwenye roho njema, aliyeona vizuri vitu vilivyo mbali. Vya karibu alivikisia. Aliwapanga maharusi mstari mmoja mbele ya altare, mwanamume na mwanamke, mwanamume na mwanamke, akawaambia hatawaita kwa majina maana angekosea; atauliza tu kila mmoja kama anamkubali aliyeko ubavuni mwake, na wajibu kwa sauti.

Zenz alikuja na kikapu chake. Jana yake mpishi wa nyumba ya wageni alikuwa amempima Bibi Meya kwa macho kwa namna ambayo haikumpendeza Zenz, naye akaona heri bata ahudhurie ndoa kuliko abaki peke yake. Alikiweka kikapu miguuni. Yote yalikwenda sawa mpaka kengele kubwa ilipogonga juu ya vichwa vyao.

Kifuniko kilifyatuka. Bibi Meya alitoka kama aliyefukuzwa na shetani, mabawa wazi, akampiga bwana harusi mmoja usoni, akanasa sketi ya bibi harusi mwingine mdomoni, akaivuta mpaka ikapasuka, kisha akakimbilia chini ya altare akipiga kelele zinazorudi kutoka kila ukuta. Mstari ukavunjika. Wanawake wakapanda viti. Wanaume wakapiga magoti wakiingiza mikono chini ya vitambaa vitakatifu. Zenz alisukumwa, akaanguka, na Xaver akamwinua, akasimama mbele yake kama mlango uliofungwa, watu wakampita kushoto na kulia.

Bata alitoroka kupitia kando, akaingia kwenye kibanda cha maungamo. Walburga akaingia upande mmoja, Blasius upande wa pili. Wakajikuta wametenganishwa na kile kidirisha cha mbao chenye matundu, na bata yuko miguuni pa Blasius, anamng'ata kiatu.

"Ungama," alisema Walburga, akihema.

"Nimekosa," sauti ya Blasius ilisema. Safari hii ilikuwa sauti ya chini. "Nilisema spetsle zako ni ngumu."

"Na si ngumu?"

"Nilikula sahani tatu, Walburga. Mtu hali kokoto sahani tatu." Kisha akaongeza, "Na jana hukunisemesha siku nzima. Sikuweza kufanya kazi. Nimeharibu pipa la watu."

Walburga hakupata jibu. Wanaomjua wanasema haijatokea kabla wala baadaye.

"Kila mtu mahali pake!" Padri alikuwa anapiga makofi. "Maji hayangoji! Mahali penu, mahali penu!"

Walitoka, Blasius akiwa amemkumbatia Bibi Meya kifuani na kumziba mdomo kwa kiganja, Walburga nyuma yake akiwa na manyoya kwenye nywele. Mstari ulikuwa umeshajipanga upya kwa kubahatisha. Xaver alikuwa amesimama na Zenz, mkono wake ukiwa bado begani kwa Zenz. Nafasi moja tu ya watu wawili ndiyo iliyobaki. Wakasimama hapo, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kusimama, na Padri alikuwa ameshaanza upande wa kushoto, anakuja upesi kama mtu anayepanda viazi.

Walburga alikuwa na muda. Hilo nataka lieleweke, maana wako wanaosema alichanganyikiwa. Aliona wazi ni nani aliye ubavuni mwake. Aliuona ule mkono mpana wa fundi ukimshika bata, wenye kovu la patasi kwenye kidole gumba. Angeweza kutoka nje ya mstari, angeweza kupaza sauti.

Blasius aliinama. Uso wake ulikuwa mwekundu, na hakuwa anacheka. "Ukitaka, sema hapana," alinong'ona. "Nitawaambia ni bata ndiye aliyetuweka hapa."

Padri akafika. Akaweka mkono wa Walburga juu ya mkono wa Blasius, na bila kujua akamfunika na bata kwa stola, ule ukanda wake wa kipadri. Akamuuliza Blasius. Blasius akasema ndiyo kwa sauti iliyotikisa vioo. Akamuuliza Walburga.

"Ndiyo," alisema Walburga, na moyo wake ulikuwa unagonga kama mafundi wa boti.

Kwa Zenz ile ndiyo ilikuwa ndogo mno, Padri ikabidi ainame kuisikia. Xaver alisema ndiyo, kisha, bila kuulizwa, akasema tena: "Ndiyo."

Shangazi Afra alikuwa nyuma kabisa, juu ya kiti, haoni ila migongo. Maharusi walipogeuka, watu wakaanza kushangilia, yeye akahesabu nyuso, akakuta jozi hazilingani.

"Hapana!" alipiga ukelele. "Padri! Simamisha! Huyo si wake! Na yule si wa yule!"

Wakaingizwa sakristia, chumba cha padri kando ya altare, wote wanne, na bata, na Shangazi, na nyuma yao mlango haukufungika kwa watu waliotaka kusikia. Padri Remigius alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akawatazama mmoja mmoja kwa karibu sana.

"Kuna mtu hapa alimwoa mtu asiyemkusudia?" aliuliza. "Kwa sababu kama alikosea mtu, hapo hapana ndoa, nami nawaweka sawa sasa hivi kabla boti haijaondoka. Lakini kama alimwona, akamjua, akasema ndiyo, basi mimi sina la kufungua. Semeni ukweli. Wewe, bwana mkubwa."

"Nilimjua tangu kule kwenye maungamo, Padri," alisema Blasius. "Hata kabla. Tangu spetsle."

"Wewe, binti?"

"Nilimwona," alisema Walburga. "Mtu wa ukubwa ule, Padri, ungemkosaje?"

Mlangoni watu wakacheka. Kisha Walburga akamgeukia Zenz, na kicheko kikamtoka usoni, maana hilo ndilo lililokuwa linamuuma. "Zenz, mdogo wangu, ni mchumba wako. Ukisema ulikosea, namrudisha. Naapa namrudisha."

Zenz alitazama sakafu. "Blasius ni mtu mwema," alisema polepole. "Lakini akicheka nasikia kama nyumba inaanguka." Akamwonyesha Xaver kwa kidevu. "Huyu alinitengenezea kikapu. Hakunidai hata asante. Nilikuwa namwomba Mungu kila siku anisamehe, maana nilikuwa namtazama."

Wote wakamgeukia Xaver. Xaver alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Alifikiri. Nje mtu alikuwa anapuliza pembe kutoka kwenye boti.

"Sina malalamiko," alisema.

Mtu wa nchi nyingine asingeelewa kwa nini watu mlangoni walipiga mayowe. Sisi wa Alb tunaelewa. Mzee mmoja alilia. Hakuna mwanamke katika ukoo wa Munding aliyewahi kusifiwa namna hiyo hadharani.

"Na mimi?" Shangazi Afra aliuliza, machozi yakimlenga kwa hasira. "Nitarudi Aichbronn niwaambie nini wazazi wako, Xaver?"

"Waambie nimeoa," alisema Xaver.

Shangazi akamtazama Walburga, aliyekuwa amesimama na manyoya kichwani, anang'aa kama dirisha lenye jua. Akamwendea, akamtoa lile nyoya lililokuwa juu ya sikio, akamtengenezea kitambaa kwa nguvu isiyo ya lazima. "Angalau huyu ana ufundi," alisema. "Na mabega anayo." Kisha akamkumbatia mpaka mbavu zikalia.

Nahodha aliapa hatangoja, lakini alingoja. Mtu alikuwa na fidla, mwingine alikuwa na zumari, na kwenye ukingo wa mto, katikati ya vifurushi na majembe na watoto wa watu, wakacheza. Mafundi wa boti walileta bia na mikate ya kusokotwa yenye chumvi. Blasius alimrusha Walburga juu, akamdaka, na Walburga akamwambia akirudia atamrusha yeye mtoni. Zenz na Xaver walicheza polepole pembeni, mguu mmoja hapa, mguu mmoja pale, hawasemi. Nahodha mwenyewe alimnyooshea mkono Shangazi Afra. Alikataa. Akakataa tena. Mara ya tatu alimpa mtu mkoba wake amshikie, na alicheza mpaka soli ya kiatu ikabaki Ulm.

Walipoondoka, sanduku lile bapa lilizunguka mara moja kwenye maji kabla halijanyooka, na wote waliomo wakapiga kelele kwa hofu na furaha pamoja.

Habari zao tulizipata kwa midomo ya mabaharia wa mtoni, ambao hushuka kwa boti na kurudi kwa miguu. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Homa za mabwawa ziliwalaza wote wanne kwa zamu, na yule aliyekuwa na nafuu ndiye aliyepika. Walipewa nyumba mbili zilizogusana. Xaver alilima mistari iliyonyooka mpaka watu wa kijiji cha pili walikuja kuitazama. Zenz alizaa mabinti wawili, na inasemekana ndani ya nyumba yao, mlango ukishafungwa, Xaver alikuwa mzungumzaji sana.

Na mwaka walipovuna zabibu zao za kwanza, Blasius alijenga pipa. Alilijenga ndani ya nyumba kwa kuwa nje kulikuwa na mvua, na alilijenga kubwa, maana alikuwa na furaha, na hakupima mlango. Lilipokamilika halikutoka. Walburga alisimama mikono kiunoni, akamweleza mumewe mbele ya majirani wote yeye ni mtu wa aina gani, na alieleza kwa kirefu. Halafu akaanza kucheka, akaketi chini kwenye majani makavu, hawezi kusimama. Xaver alikuja kutoka nyumba ya pili na nyundo. Akalitazama pipa, akatazama mlango, akavua koti, akaanza kubomoa ukuta.